Shahidi wa Pili

Karatasi ilikuwa na nafasi mbili za mashahidi. Ya kwanza ilijazwa na rafiki wa bwana harusi, fundi cherehani wa Kayole. Ya pili ilikuwa yangu. Nikaandika majina yangu yote, nikaandika nambari ya kitambulisho changu cha mkimbizi, nikaweka sahihi. Afisa aliyefungisha ndoa alikuwa ameuliza kama yuko mtu yeyote chumbani anayejua sababu ya hawa wawili kutooana. Nilinyamaza, na kweli sikuwa na sababu yoyote. Lakini asubuhi ile ile, zaidi ya kilomita mia saba kutoka pale, mama mmoja alikuwa kwenye foleni ya maji hapa Kakuma bila kujua kwamba binti yake anaolewa. Na mimi nilijua kwamba hajui.

Ndiyo maana naandika. Si kwa sababu harusi ile ilikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri kuliko harusi zote nilizowahi kuhudhuria, na nimehudhuria nyingi. Naandika kwa sababu tangu siku ile nina swali ambalo halinitoki kichwani: furaha ya mtu ni ya nani? Ni yake mwenyewe, au mtu aliyelelewa na wengi hana furaha ya peke yake?

Wenyewe wamenipa ruhusa ya kuandika, ila bila majina. Bibi harusi namwita yaya. Wakenya msishangae, sisemi msichana wa kulea watoto. Kwetu Congo yaya ni dada mkubwa. Hatukuzaliwa tumbo moja, lakini tulikua kwenye mtaa mmoja wa kambi, mlango kwa mlango, na mama yake ndiye aliyenifundisha kusonga ugali wa muhogo wakati mama yangu mzazi alikuwa mgonjwa. Huyo mama namwita Mama mkubwa mpaka leo. Yaya alimaliza sekondari miaka mitatu kabla yangu, akapata karatasi za kukaa Nairobi, akapata kazi ya kusuka nywele, akampata na mchumba.

Kwanza niwaambie harusi ilivyokuwa, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini ni vigumu kuilaumu.

Ilikuwa siku ya Jumatano. Tulikutana saa tatu asubuhi nje ya Sheria House, Harambee Avenue, watu kumi na mmoja pamoja na maharusi. Yaya alivaa gauni jeupe lililoishia chini kidogo ya magoti. Alilipata kwenye mitumba ya Gikomba, fundi akalipunguza kiuno na kuongeza mikono ya kitenge cha bluu. Chini alivaa raba nyeupe. Raba! Alisema hawezi kutembea mjini siku nzima kwa viatu virefu halafu ajidai ana furaha. Shemeji alivaa suti ya kijani kilichokolea, soksi za rangi ya manjano, na viatu vya kahawia vilivyong'aa mpaka unaweza kuchania nywele mbele yake.

Ndani haikuchukua hata nusu saa. Tulipotoka hakuna aliyejua la kufanya, kwa hiyo tukatembea tu. Tukapiga picha barabarani, watu wakipita wanapiga makofi. Kwenye steji kulikuwa na matatu iliyochorwa rangi zote za dunia, na konda akawaambia, "Kaeni hapo mlangoni, hiyo picha sichaji." Hiyo ndiyo picha nzuri kuliko zote. Baadaye tukapanda matatu kama watu wengine mpaka Kayole, kwenye hoteli ndogo ya mama mmoja wa Uvira. Tukala sombe, samaki, wali na ndizi. Keki ilikuwa moja, ndogo. Muziki ulikuwa rumba kutoka kwenye simu na spika ya mkononi. Hakukuwa na MC wa kutuambia tucheke wakati gani. Hakukuwa na meza ya wakubwa. Bibi harusi alikula akashiba, jambo ambalo sijawahi kuliona kwenye harusi za huku, ambapo bibi harusi hukaa kama sanamu mpaka jioni. Saa kumi tukaagana. Wakarudi kwao kwa miguu wameshikana mikono.

Sasa nisikilizeni kuhusu harusi tunazozijua. Nimekuwa mshika hesabu wa kamati mbili za harusi hapa kambini, kwa hiyo nasema ninachokijua. Unafungua daftari. Unaandika majina na ahadi. Kila Jumapili kamati inakaa, majina yanasomwa kwa sauti, na aliyeahidi asitoe anatazama chini. Kuna turubai, viti, spika, mchele wa watu mia tatu, sare za wasimamizi. Kabla ya hapo kuna mahari: mbuzi, suti ya baba, kitenge cha mama, blanketi la bibi, na bahasha ya wajomba. Mkono mtupu haulambwi, wanasema. Zamani watu walitoa kwa sababu walikuwa na kitu kidogo cha kutoa. Lakini tangu mwaka 2025 tulipogawanywa makundi manne, wengine wakipata chakula kidogo na wengine wakikosa kabisa, nani atafungua daftari? Utampigia nani simu kumkumbusha ahadi yake, na unajua jana watoto wake walilala na chai?

Yaya na shemeji walifikiria hayo yote. Aliniambia kwenye simu, "Mdogo wangu, sitaki mtu ale deni kwa sababu yangu." Hilo ni neno la mtu mwenye huruma. Kwa hiyo wale wanaosema harusi ya mjini ni uchoyo, mimi siko nao. Nimezipiga hesabu. Siku nzima ya Nairobi, na gauni na suti na samaki, haikufika bei ya viti na turubai za harusi moja ya huku.

Siko pia na wale wanaosema kupendeza wakati wa njaa ni dhambi. Picha ya kwenye matatu ilipofika kambini, mtu mmoja anayefanya kazi huku aliitazama akacheka, akauliza, "Hawa kweli ni wakimbizi?" Hakusema kwa ubaya, najua. Lakini nililala nalo lile swali. Kwenye picha nyingi zinazopigwa huku tunashika jerikeni au tunashika mtoto. Ukionekana na soksi za manjano, watu wanaanza kutafuta wapi umedanganya.

Sisi Wakongomani tuna historia na jambo hili. Kinshasa na Brazzaville wako wasapeur, watu wanaoweza kukaa chumba cha kupanga chenye kitanda kimoja lakini wakitoka nje unafikiri ni mabalozi. Miaka ya 1970 serikali ya Mobutu iliwakataza wanaume wa Zaire kuvaa suti na tai. Ilitaka wavae abakosti, koti la shingo fupi lisilo na tai. Vijana waliovaa suti bado, na baadaye wanamuziki kama Papa Wemba waliowafanya wajulikane duniani, walikuwa wanasema kitu bila kufungua mdomo: mwili huu ni wangu, na naupamba mimi. Unaweza kusema ni ujinga kununua viatu kuliko godoro. Sawa. Lakini mtu aliyenyang'anywa nchi, akapewa nambari, akapangiwa hata lini atakula, akichagua mwenyewe rangi ya soksi zake siku ya ndoa yake, mimi siwezi kuita hilo dhambi. Gauni la yaya halikumnyima mtu chakula.

Basi kosa liko wapi? Maana kosa lilikuwepo, na mimi nilikuwa ndani yake.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Kata ilikuwa mimi. Yaya alinipigia wakati walipopeleka taarifa ya kuoana. Kwa wasiojua, Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inataka wanaotaka kufunga ndoa ya serikali watoe taarifa angalau siku 21 kabla. Taarifa hiyo inatangazwa, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Yaya alitaka niwe shahidi wake. Nilipiga kelele za furaha mpaka jirani akatoka nje. Halafu akasema, "Lakini mama usimwambie. Nitamwambia mwenyewe baadaye, ikishaisha."

Nikauliza kwa nini. Akanieleza, na maelezo yake yalikuwa na akili. Mama akijua, baba mdogo atajua. Baba mdogo akijua, atadai mahari kwanza, na ukoo ukae. Na hapo hana makosa kwa sheria ya kwetu, kwa sababu Sheria ya Familia ya Congo ya 1987 yenyewe inataka familia mbili zikubaliane juu ya mahari. Sheria ya Kenya kwa ndoa ya serikali haiulizi mahari. Sisi tunaishi katikati ya sheria hizo mbili, mguu mmoja huku, mwingine kule. Baba mdogo angesimamisha kila kitu kwa mwaka mzima, labda miwili. Yaya alikuwa na miaka 29. Alikuwa amechoka kusubiri: amesubiri karatasi, amesubiri kibali, amesubiri kupelekwa nchi ya tatu ambako mpaka leo hajapelekwa. Hakutaka kusubiri na hili.

Nikasema sawa. Nikaahidi.

Zikaanza wiki tano ambazo sijawahi kuziona ndefu hivyo. Mama mkubwa ananiona karibu kila siku. Simu yake naichaji mimi, kwenye sola ya kituo cha vijana. Kila nikimrudishia ananiuliza, "Yaya wako hajanipigia wiki hii. Yuko muzima?" Namjibu, "Yuko mzima, ana kazi nyingi tu." Sasa tazameni lile jibu. Hakuna neno hata moja la uongo ndani yake. Alikuwa mzima. Alikuwa na kazi nyingi. Na lote ni uongo. Nilijifunza kwamba unaweza kudanganya kwa maneno ya kweli matupu, na kwamba uongo wa aina hiyo ni mzito zaidi, kwa sababu hata wewe mwenyewe huwezi kujikamata.

Nilipoomba kibali cha kusafiri niliandika sababu za kifamilia. Hiyo pia ilikuwa kweli. Usiku kucha kwenye basi, Lodwar, Kitale, Eldoret, kila polisi akipanda kukagua karatasi nilihisi atauliza swali lingine.

Mama mkubwa hakuambiwa na binti yake. Yaya alipanga kumpigia Jumapili. Lakini Ijumaa rafiki mmoja wa Nairobi aliweka picha kwenye status, na kijana wa jirani akaenda kwa mama na simu mkononi, anacheka, anampongeza. "Hongera mama! Mbona hamkutuambia?" Mama akatazama picha ya binti yake amekaa mlangoni kwa matatu, gauni jeupe, raba nyeupe. Na pembeni, nyuma kidogo, nimesimama mimi na maua mkononi.

Jumatatu alikuja kituoni. Nilikuwa na kikao cha vijana. Hakupiga kelele. Alikaa kiti cha plastiki cha nyuma kabisa mpaka kikao kikaisha na vijana wote wakatoka. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha Fizi:

"Ulikuwaka pale."

"Ndiyo, Mama mkubwa."

"Na ile siku nilikuuliza, ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

Akanyamaza sana. Halafu akasema, "Mimi sikatai harusi. Sikatai hata kama hakuna mbuzi. Nakataa kuambiwa na simu ya mutoto wa jirani."

Sikuwa na jibu. Akainuka akaenda.

Wiki iliyofuata nilileta hoja kwenye kikao cha Jumamosi, bila kusema inatoka wapi. Niliwauliza vijana: harusi ni ya wawili au ni ya watu wote? Niliandika pande mbili ubaoni. Nawaletea waliyosema, kwa sababu walisema vizuri kuliko mimi.

Mvulana mmoja alisema harusi ni ya wawili. "Mtu akinisaidia kubeba maji nikiwa mdogo, hajanunua haki ya kunipangia ndoa. Msaada ukiwa na bei, huo si msaada, ni mkopo." Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, hilo nawaachia na ninyi mlitafakari.

Msichana wa miaka kumi na saba alimuunga mkono kwa sababu nyingine. Alisema mahari ndiyo inayowafanya wasichana waozwe kwa mzee mwenye pesa, na ukoo mzima unaona sawa kwa sababu ukoo mzima unakula. Wasichana wote upande ule walipiga makofi. Hatukuuliza anamsema nani. Tulijua.

Kijana wa Sudan Kusini alikataa. Alisema kwao ng'ombe za mahari hugawanywa kwa ndugu wa kila upande, kwa hiyo wakigombana, kila ndugu ana sababu ya kuja kuwapatanisha. "Ndoa ya watu wawili, wakikosana usiku, nani atabisha hodi?" Hapo nilikumbuka ndoa tatu ninazozijua ambazo ziliokolewa na kamati ile ile iliyosumbua watu na daftari. Ni kweli. Walewale wanaokula mchele wako ndio wanaoitwa siku mumeo anapoinua mkono. Harusi ya watu kumi na mmoja ina ndugu wachache wa kubisha hodi.

Tulibishana hivyo saa nzima, mizani ikipanda na kushuka. Mwishoni msichana mmoja, ambaye huwa haongei, akaniuliza: "Walioalikwa walikuwa wangapi?" Nikasema kumi na mmoja, nikashtuka kwamba nimejibu kama mtu aliyekuwepo. Akasema, "Sawa. Na walioambiwa?"

Tangu hapo nimeona kwamba sisi wote, mimi na yaya na baba mdogo na vijana wangu, tulikuwa tunachanganya mambo matatu kana kwamba ni moja. Kuna kualikwa. Kuna kuombwa ruhusa. Na kuna kuambiwa.

Kualikwa ni zawadi. Mwenye karamu anachagua, na asiyealikwa anaweza kuumia lakini hajaibiwa. Yaya alikuwa na haki ya meza ya watu kumi na mmoja, na mimi nitamtetea mbele ya mtu yeyote.

Kuombwa ruhusa ni jambo la heshima, nalo lina mipaka. Mtu mzima anaweza kuomba baraka, na akinyimwa anaweza kwenda bila hiyo, akajua gharama yake. Hapa wazee wetu na sisi tutaendelea kutofautiana, na labda ni sawa.

Lakini kuambiwa ni kitu kingine. Kuambiwa hakugharimu mchele wala kibali cha safari. Yule aliyekulea ameshuhudia maisha yako tangu hujui kuongea. Wewe husemi kama atakuwa shahidi au la, tayari ni shahidi. Serikali ya Kenya ilitaka mashahidi wawili, ikawapata. Lakini shahidi wa kwanza kabisa, aliyemwona yaya siku anazaliwa Fizi, aliyembeba mgongoni wakikimbia, huyo hakuandikwa popote. Na ile ndiyo inayoniuma zaidi nikifikiria: taarifa ya ndoa ilitangazwa siku 21, wazi kabisa, ili mtu yeyote asiyetujua apate nafasi ya kusema neno. Mgeni wa barabarani alipewa siku 21. Mama hakupewa hata moja.

Na sisi, kati ya watu wote, tulipaswa kulijua hili. Mama yule aliambiwa kwa ujumbe wa simu ni kundi gani la mgao amewekwa. Akaambiwa kwa picha ya simu kwamba binti yake ameolewa. Ni maumivu yale yale. Yeyote aliyekaa kambini anajua jinsi inavyokuwa kusikia habari ya maisha yako mwenyewe ikiwa imeshaamuliwa, imeshafungwa, na wewe umebaki tu kuipokea. Tunalalamika tunapofanyiwa na wakubwa. Yaya na mimi tulimfanyia mama, kwa mapenzi, kwa akili, kwa sababu nzuri.

Mtu ataniuliza: na kama kusema ni hatari? Swali hili si la mchezo kwangu. Kazini kwangu nimeshika siri za wasichana ambao wangeambia nyumbani wangefungiwa ndani, au wangeozwa wiki ile ile. Siri hizo nimezishika na nitazishika, hata mama akija kulia mbele yangu. Kwa hiyo sisemi kila mtu aambie wazazi kila kitu. Nasema ujiulize siri hii inamlinda nani, na dhidi ya nani. Siri ya yaya ilikuwa dhidi ya baba mdogo. Mama hakuwa hatari. Sisi tulimhesabu kama mdomo wa baba mdogo, mtu asiyeweza kushika siri yake mwenyewe. Mwanamke aliyevuka mipaka na watoto watatu bila kumwambia mtu anaenda wapi, tukasema hawezi kunyamaza wiki tatu! Tulimhukumu kabla hajakosa. Hatukumpa hata nafasi ya kuwa upande wetu.

Na mimi sehemu yangu ni hii. Nilipoombwa kuahidi, niliahidi haraka kwa sababu nilipenda kuwa mtu anayejua. Ningeweza kusema, "Yaya, nitakuja, nitaweka sahihi, na kwa baba mdogo nitanyamaza. Lakini mama akiniuliza, sitamdanganya. Nitamwambia akupigie." Labda angekasirika. Labda angetafuta shahidi mwingine, na nisingekuwepo siku ile nzuri kuliko zote. Hiyo ndiyo bei niliyoogopa kulipa, na nikaiacha mama ailipe.

Siku kumi baada ya kuja kituoni, Mama mkubwa alinituma mtoto kuniita. Nilienda nikijua nakwenda kugombezwa. Nikamkuta amekaa kwenye mkeka, ameweka chai, vikombe viwili. Yaya alikuwa ameshampigia, walikuwa wamelia, hayo ni yao. Mimi alinitaka kwa jambo lingine.

"Sasa unisimulie," akasema. "Kuanzia asubui. Aliamukaka saa ngapi?"

Nikamwambia saa kumi na moja, kwamba hakulala vizuri.

"Alikunywa chai?"

Nikamwambia chai na mkate, mkate aliuacha nusu.

"Nani alimufunga gauni?"

Nikamwambia ni mimi, na zipu ilikwama, tukacheka. Akataka kujua mikono ilikuwa ya kitenge gani. Afisa alikuwa mwanamke au mwanaume. Yaya alijibu kwa sauti kubwa au ndogo. Samaki alikuwa wa kukaangwa au wa mchuzi. Nilisimulia mpaka chai ikapoa na jua likaondoka kwenye mabati. Hakuna afisa aliyewahi kunihoji hivyo, na sijawahi kusema kweli kwa uangalifu kama siku ile. Nilipomaliza alikaa kimya, kisha akasema, "Raba," akatikisa kichwa, na nikaona mdomo wake unataka kucheka.

Sitawaambia kwamba yote yamekwisha. Baba mdogo bado haitiki salamu ya shemeji. Mahari bado wanazungumzia, polepole, kiasi wanachoweza. Na mimi, Mama mkubwa akiniuliza kitu, kuna dakika moja ndogo ananitazama kabla ya kuamini jibu. Zamani haikuwepo dakika hiyo. Nimeinunua mwenyewe.

Kwenye kikao chetu vijana wananiuliza siku hizi, kwa hiyo mwalimu, harusi ya mjini ni nzuri au mbaya? Nawaambia oeni mjini, oeni kambini, vaeni raba, alikeni watu kumi au elfu. Lakini ukipewa kalamu kuwa shahidi wa mtu, uliza kwanza: nani anayepaswa kujua jambo hili na bado hajui? Kama jibu linakufanya utazame chini, usiweke sahihi bado. Piga simu kwanza.

Shemeji alituma kitenge kwa Mama mkubwa, kizuri, cha bluu, kimoja na mikono ya lile gauni. Kimekunjwa juu ya sanduku. Bado hajakishona. Anasema anamsubiri binti yake apate nafasi, aje amchagulie mshono mwenyewe.